Pesa Zikishavuka Mpaka

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoagiza mzigo Guangzhou au Dubai wanaujua utaratibu huu kama sala. Mnapatana bei kwa WhatsApp, muuzaji anatuma ankara kwa barua pepe, unakwenda benki kulipa amana, kisha unasubiri kontena. Muuzaji ni yule yule wa miaka yote, kwa hiyo ankara huisomi tena. Unatazama jumla na namba ya akaunti, basi. Mwizi naye anajua kwamba husomi. Aliingia kwenye barua pepe ya mmoja wenu wiki kadhaa nyuma, akasoma mazungumzo yenu yote kimya kimya. Siku ya malipo anatuma ankara iliyofanana na ile halisi kwa kila kitu, hadi muhuri, isipokuwa akaunti. Atakwambia benki yao iko kwenye ukaguzi, lipa kwenye hii mpya. Na akaunti hiyo mpya iko nchi ambayo hujawahi hata kuitaja.

Huu ni utapeli ule ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", umevaa suti tu. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Ukitapeliwa na mtu wa hapa hapa, polisi, kampuni ya simu na wakala wote wako chini ya sheria moja. Pesa zikishavuka mpaka, kila hatua ya kuzifuata inategemea mtu wa nchi nyingine, asiyekujua, akubali kupokea simu. Kwenye hotuba na maazimio jambo hilo huitwa ushirikiano wa kimataifa wa usalama wa mtandao. Kwako wewe uliyeibiwa ni swali dogo tu: nani anampigia nani, na saa ngapi?

Saa za mwanzo

Ukigundua kwamba umelipa akaunti ya mwizi, usianze kugombana na muuzaji, na usimwandikie mwizi ukamshtua. Pigia benki yako. Usiishie kwa dada wa huduma kwa wateja. Taka kitengo kinachoshughulikia udanganyifu, na useme waziwazi kwamba unaomba benki itume ujumbe wa kuzuia na kurudisha malipo kwa benki iliyopokea. Omba pia nakala ya karatasi ya SWIFT ya malipo hayo, ile ambayo waagizaji huiita MT103. Bila hiyo, kila ofisi utakayoingia itakurudisha benki.

Usisubiri benki wakujibu ndipo uende polisi. Nenda siku hiyo hiyo, utoke na namba ya taarifa uliyoandikisha, RB kama uko Tanzania, au OB kama uko Kenya, na uombe taarifa yako ifikishwe kwenye ofisi ya INTERPOL ya nchi yako. Kila nchi mwanachama, na ziko 196, ina ofisi hiyo ndani ya polisi wake, iliyounganishwa na nyingine usiku na mchana. Wengi hawajui kwamba raia hawezi kwenda INTERPOL moja kwa moja akafunguliwa kesi. Lazima upitie polisi wa kwenu. Kwa hiyo yeyote anayekupigia akisema ni afisa wa INTERPOL na atakurudishia pesa zako ukilipa ada kidogo, huyo ni mwizi wa pili, na pengine namba yako ameuziwa na yule wa kwanza.

Kwa utapeli wa ndani njia ni fupi zaidi. Tanzania, namba iliyokutumia ujumbe wa kitapeli inaripotiwa kwa kuituma 15040, bure. Kenya, mteja wa Safaricom anausambaza ujumbe wenyewe kwenda 333. Na ukibonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo hata leo, maana kuna watu wamekutwa na laini wasizozijua, na laini ya aina hiyo ikitumika kwenye wizi, jina litakalotokea mbele ya polisi ni lako.

Kwa nini nahimiza saa? Kwa sababu ya kilichotokea Dhaka, Bangladesh.

Usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari 2016, wezi waliokuwa wamejificha ndani ya kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo 35 ya malipo kwenda Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York, ambako Bangladesh iliweka akiba yake. Jumla yake ilikaribia dola milioni 951. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Bangladesh mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Dhaka walipogundua kwamba mambo hayako sawa, tena baada ya kuhangaika na printa iliyokuwa imegoma kuchapa, New York nako wamefunga kwa Jumamosi na Jumapili. Jumatatu New York wamefungua, lakini Manila, zilikokwenda pesa nyingi, walikuwa kwenye sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Ombi la kuzuia malipo lilifika kwenye benki isiyo na mtu. Jumanne pesa zikatolewa, kisha zikaingizwa kwenye kasino, ambazo wakati huo sheria ya Ufilipino ya kudhibiti fedha haramu haikuzigusa.

Maagizo mengi yalikwama. Dola milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zilirudi kwa sababu wezi walikosea tahajia ya neno moja kwenye jina la mpokeaji, na karani wa benki ya kati akauliza. Lakini milioni 81 zilifika Manila, na kati ya hizo zilizopatikana baadaye ni kama milioni 15. Mwaka uliofuata Ufilipino ilibadilisha sheria, kasino zikaingizwa. Wezi hawakutegemea ufundi wa kompyuta peke yake. Walikuwa na kalenda za nchi tatu.

Sasa tazama Julai 2024. Kampuni moja ya biashara ya bidhaa ghafi nchini Singapore ilipata barua pepe kutoka kwa muuzaji wake, ikiomba malipo yaende kwenye akaunti mpya Timor-Leste. Anwani ya barua pepe ilitofautiana na ya kweli kidogo sana. Tarehe 19 kampuni ikalipa dola milioni 42.3. Tarehe 23, muuzaji halisi alipouliza mbona hajalipwa, ndipo macho yakafumbuka. Siku nne zilikuwa zimepita, muda mrefu kuliko ule waliotumia Dhaka kugundua. Polisi wa Singapore walipitia mfumo wa INTERPOL wa kuzuia malipo kwa haraka, I-GRIP, ulioanzishwa 2022, na kufikia tarehe 25 dola milioni 39 zilikuwa zimeshikwa Timor-Leste. Watu saba wakakamatwa, na nyingine zaidi ya milioni 2 zikapatikana.

Timor-Leste si taifa tajiri. Lakini kulikuwa na mtu upande wa pili, aliyejua nini cha kufanya na ombi hilo, na sheria iliyompa mamlaka ya kulifanya. Nikisikia maneno "kujenga uwezo" kwenye mikutano, mimi humfikiria mtu huyo.

Saa mbili ya nani?

Kuna jambo ambalo nadhani wasomaji wa Kiswahili hasa ndio wanaohitaji kuelezwa. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Ukiandika kwenye maelezo yako kwamba pesa zilitoka saa mbili na robo usiku, mpelelezi wa kituo cha polisi cha Msimbazi anakuelewa bila shida. Karatasi hiyo ikitafsiriwa na mtu mwenye haraka, ikapelekwa nchi ya mbali, itasomeka 2:15 usiku, na hiyo kwetu ni saa nane na robo. Umesogeza wizi kwa saa sita. Andika 20:15, saa za Afrika Mashariki, UTC+3, ili aliyeko mbali ajue kwamba kwenye kumbukumbu za kompyuta zinazotunzwa kwa saa za UTC atafute 17:15.

Si ubishi wa kikarani. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye intaneti kwa anwani moja, kwa sababu anwani za intaneti za mfumo wa zamani hazitoshi. Mamia ya watu wanaweza kuonekana nje kama mtu mmoja. Ili kampuni iseme ni laini ipi hasa ilikuwa inafungua ukurasa fulani, inahitaji anwani, namba ya porti, na wakati wenyewe, ikiwezekana hadi sekunde. Ukikosea dakika, anaweza kutajwa mtu mwingine kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo usifute chochote. Watu wakishatapeliwa huona aibu, wakafuta mazungumzo ili mke au mume asiyaone, halafu kesho yake wanakwenda polisi na maneno matupu. Weka simu kama ilivyo, usiirudishe kwenye hali ya kiwandani. Picha ya skrini ni nzuri, lakini ipigwe ikionyesha namba kamili na msimbo wake wa nchi, wala si jina tu ulilomsevu nalo. Kwa tovuti, nakili anwani nzima. Kwa barua pepe, usiisambaze kwa mpelelezi kama unavyosambaza vichekesho; ihifadhi kama faili, kwa sababu vichwa vilivyofichika ndani yake vinaonyesha ilikopitia. Na kama ulilipa kwa sarafu za kidijitali, namba ya muamala na anwani ya pochi uliyotumia ndizo zitakazofuatwa. Jina la jukwaa walilokuonyesha linaweza kuwa la kubuni.

Njia tatu, mwendo tofauti

Ushahidi wako ukiwa tayari, unaweza kusafiri kwa njia tatu, na kila moja ina mwendo wake.

Ya kwanza ni ya mafundi kwa mafundi. Tanzania ina TZ-CERT, iliyo ndani ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kenya ina kituo chake, KE-CIRT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya huko, na Uganda na Rwanda nazo zina timu zao. Kazi yao kubwa si kukamata mtu. Wakipata taarifa kwamba tovuti fulani inaiga benki na kuiba nywila, wanawaandikia wenzao wa nchi tovuti ilikohifadhiwa ili ishushwe. Njia hii ina kasi kwa sababu haihitaji mahakama, inahitaji kufahamiana. Timu ya kwanza ya aina hii iliundwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwaka 1988, baada ya programu moja inayojisambaza yenyewe kuangusha maelfu ya kompyuta. Mwaka uliofuata ikatokea nyingine, na timu zilizokuwepo zikashindwa kusaidiana ipasavyo kwa sababu ya tofauti za lugha na za majira ya saa. Ndipo likaundwa jukwaa la timu za dunia nzima, FIRST, mwaka 1990. Kwa hiyo usinicheke kuhusu saa mbili na robo.

Ya pili ni polisi kwa polisi, niliyokwisha kuieleza. Ina kasi ya kutosha kuzuia akaunti na kupata taarifa za upelelezi, lakini taarifa hizo mara nyingi haziwezi kusimama zenyewe mahakamani.

Ya tatu ni ya serikali kwa serikali, msaada wa kisheria katika makosa ya jinai. Hapa Tanzania ombi hupitia kwa Mwanasheria Mkuu chini ya sheria ya mwaka 1991; Kenya ina sheria yake ya 2011. Ukitaka yaliyomo kwenye ujumbe uliohifadhiwa na kampuni ya Marekani, kwa kawaida lazima ombi likafike hadi kwa jaji wa Marekani. Njia hii hupimwa kwa miezi. Wakati karatasi zinazunguka, kumbukumbu za kompyuta zinafutika zenyewe, kwa kuwa kampuni hazitunzi kila kitu milele. Dawa yake ni kwamba polisi wapeleke kwanza ombi la kuhifadhi, yaani kampuni isifute wakati ombi kamili linaandaliwa. Muulize mpelelezi wako, kwa adabu: ombi la kuhifadhi limeshakwenda? Ni swali ambalo mlalamikaji ana haki ya kuuliza, na linaweza kuokoa kesi.

Mikataba ipo kwa ajili ya kufupisha njia hii ya tatu. Ule wa Budapest, wa Baraza la Ulaya, ulifunguliwa kwa saini mwaka 2001, na unazilazimisha nchi wanachama kuwa na ofisi inayopokea maombi saa 24 kila siku, na kuhifadhi data walizoombwa kwa angalau siku 60. Mauritius, Senegal, Morocco, Ghana na Nigeria ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizojiunga. Umoja wa Afrika nao una Mkataba wa Malabo, uliopitishwa Juni 2014. Ulihitaji nchi 15 kuuridhia, na ulianza kutumika tarehe 8 Juni 2023: miaka tisa kasoro wiki tatu hivi. Rwanda iliuridhia 2019. Malabo ni mzuri kwa kueleza nchi itunge sheria gani nyumbani, juu ya miamala, taarifa binafsi na makosa ya mtandao. Juu ya namna polisi wawili wa nchi mbili watakavyosaidiana Jumamosi usiku, hausemi mengi.

Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wake Desemba 2024, ukafunguliwa kwa saini Hanoi Oktoba 2025, na utaanza kazi ukisharidhiwa na nchi 40. Huu una ubishi. Watetezi wa haki za binadamu na baadhi ya kampuni kubwa za teknolojia wanasema milango ya kuombana data imekuwa mipana mno, kwamba serikali inaweza kumfuata mkosoaji wake kwa kisingizio cha kosa la mtandao. Hofu hiyo si ya kupuuza kwenye ukanda ambao watu wamewahi kushtakiwa kwa maneno waliyoandika mtandaoni. Kinga ya zamani ni sharti kwamba kitendo kiwe kosa katika nchi zote mbili. Wizi wa ankara ni kosa kila mahali. Kumkejeli kiongozi si kosa kila mahali. Mwananchi akisikia nchi yake inaridhia mkataba wowote wa aina hii, aulize sharti hilo limebaki au limeondolewa.

Baada ya semina

Mwaka 2024 Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lilitoa kipimo chake cha usalama wa mtandao, na Tanzania, Kenya na Rwanda zote zikawekwa kundi la juu kabisa. Tulishangilia, na haikuwa vibaya. Ila ujue kipimo hicho kinatazama nini: sheria, ufundi, taasisi, mafunzo na ushirikiano ambavyo serikali imeviweka. Kinahesabu milango iliyopo. Hakikai kwenye benchi la kituo cha polisi na mama aliyeibiwa mtaji kuona mlango unafunguliwa baada ya siku ngapi.

Mafunzo yanayozaa matunda yana dalili zake. Kati ya Septemba na Oktoba 2024, INTERPOL na AFRIPOL, chombo cha polisi cha Umoja wa Afrika, waliendesha operesheni Serengeti katika nchi 19 za Afrika. Watu 1,006 walikamatwa. Kenya ilikuwemo, kwa kesi ya wizi wa kadi za benki uliosababisha hasara ya dola milioni 8.6, na pesa zilikuwa zimetawanywa kwenye kampuni za Falme za Kiarabu, Nigeria na China. Awamu ya pili ya 2025 ilitanguliwa na mafunzo ya wapelelezi, kisha wakaingia kazini moja kwa moja. Linganisha na semina ya siku tatu hotelini yenye begi, cheti na picha ya pamoja, ambayo mshiriki wake anahamishiwa kitengo cha usalama barabarani mwezi ujao, au anachukuliwa na benki inayomlipa mara nne. Anayelipia mafunzo, awe wafadhili au serikali, aulize mwaka mmoja baadaye: yule tuliyemfundisha bado yuko mezani?

Lakini wezi nao wana mafunzo yao. Tangu 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya imekuwa ikionya kuhusu kazi za uongo za Thailand, ambazo vijana wakizifuata hujikuta Myanmar kwenye maboma ya utapeli, wamenyang'anywa pasi, wanalazimishwa kuwarubuni watu mtandaoni. Waganda pia wameokolewa huko. Kwa hiyo anayekuandikia kwa Kiingereza laini kuhusu mapenzi na uwekezaji anaweza kuwa mtoto wa jirani, amefungwa. Ukiripoti namba yake, huenda unamsaidia na yeye.

Umoja wa Mataifa nao, baada ya miaka mingi ya vikao kuhusu tabia njema ya mataifa mtandaoni, Mei 2024 ulizindua orodha ya maafisa wa mawasiliano wa kila nchi, ya kupigiana dhoruba ikitokea. Yaani kitabu cha simu. Wapo waliobeza. Mimi nadhani kama kitabu hicho kingekuwa mezani Dhaka ile Februari, na namba ya Manila ikapokelewa siku ya sikukuu, habari ingekuwa nyingine.

Wewe pia unahitaji kitabu chako. Kesho kabla ya kufungua duka, ulizia benki yako namba ya kitengo cha udanganyifu inayopokelewa Jumamosi usiku, uiandike kwenye daftari, si kwenye simu peke yake, maana simu ndiyo inayoibiwa. Chini yake andika namba ya muuzaji wako wa Guangzhou, ile ya zamani mliyoanza nayo. Akaunti ikibadilika kwenye ankara, hata kwa tarakimu moja, mpigie kwa namba hiyo usikie sauti yake, ndipo ulipe.